Kila Kisicho Kabichi

Napenda ieleweke tangu mwanzo kwamba sikuwahi kuichukia kabichi. Kabichi ndiyo iliyoanza.

Kwa usahihi zaidi, ilianza soksi. Muhula ule niliufunga ulimi wa kengele ya shule kwa soksi nene ya Kamusi, rafiki yangu ambaye kitanda chake kimepakana na changu, na kengele ilipovutwa alfajiri ikatoa sauti ya mtu aliyeangukia godoro. Shule nzima ikalala hadi saa mbili na nusu. Wengi walikiri baadaye kwamba hawajawahi kuota ndoto nzuri kama za siku ile. Mwalimu mkuu hakuwa miongoni mwao. Soksi ilikuwa na namba ya Kamusi, lakini Kamusi ni kijana anayeomba ruhusa kabla ya kupiga chafya, kwa hiyo hakuna aliyepoteza muda naye. Macho yote yaliniangukia mimi.

Nikakabidhiwa kwa mwalimu wa kilimo.

Mwalimu wa kilimo tulimwita Mizani, kwa sababu hatembei bila mizani. Ni ile ndogo ya kuning'iniza, yenye ndoano na mshale, na makazi yake ni mfuko wa koti. Anapima kila kitu. Amepima mpira wa shule kabla na baada ya mvua. Amepima viatu vya kiranja mkuu. Siku moja alilining'iniza daftari langu mbele ya darasa, akausoma mshale, akasema, "Gramu mia na arobaini za karatasi. Kwa upande wa akili, mshale haujatikisika."

Siku ya kukabidhiwa alinipeleka nyuma ya maabara, mahali palipokuwa na matuta manane yamejipanga kutoka kwenye bomba hadi kwenye uzio.

"Unaona nini?"

"Udongo, mwalimu."

"Mimi naona swali," alisema, akakunja mikono nyuma kama mtu anayetaka kupigwa picha.

Swali lenyewe lilikuwa hivi. Kulikuwa na aina mbili za mbegu za kabichi. Ya kwanza iliitwa Mapema, nayo hufunga vichwa haraka. Ya pili iliitwa Ngao, huchelewa, lakini kichwa chake, kwa maneno ya Mizani, "ni kigumu kama cha watu fulani." Matuta mawili hayakupewa mbolea yoyote. Mawili yalipewa samadi peke yake. Mawili yalipewa mbolea ya kukuzia peke yake, ile nyeupe ya chembechembe ya dukani, tena kwa mkono usio na uchoyo. Na mawili ya mwisho yalilishwa nusu kwa nusu, samadi na kukuzia. Katika kila jozi, tuta moja lilikuwa la Mapema na jingine la Ngao. Matuta yenyewe yalipangiwa nafasi kwa kura, na kila tuta likasimamishiwa kibao kidogo chenye maandishi mekundu. Miche ya mbegu zote mbili ilifanana kama mapacha.

"Kazi yako," alisema Mizani, "asubuhi maji, jioni palizi. Ng'oa kila kisicho kabichi. Sitaki maswali, na hasa sitaki ubunifu."

"Kila kisicho kabichi, mwalimu?"

"Umenisikia."

Nilimsikia. Wiki nyingi zilizofuata nilikuwa mtumishi mwaminifu wa amri ile. Niling'oa majani ya kila ukoo. Niling'oa ua moja la njano ambalo halikuwa na kosa lolote isipokuwa kutokuwa kabichi. Niling'oa hata vitunguu vinne vilivyokuwa vimejiotea kwenye kona za matuta kama wageni wasioalikwa. Na kwa kuwa nililelewa vizuri na sipendi kutupa chakula, vitunguu hivyo nilivila, kimoja kimoja, kwa chumvi niliyoiazima jikoni bila kumsumbua mpishi kwa kumwambia.

Kisha, alasiri moja, siku kumi kabla ya mavuno, wenzangu wakiwa uwanjani, niliketi kwenye ndoo na kuvitazama vibao vile vinane. Vilikuwa vimesimama wima mno. Vilikuwa na sura ya watu wanaojiona. Nikawaza jinsi Mizani atakavyopima, atakavyoandika, atakavyokuna kidevu, na nikaona kwamba duniani kuna furaha chache za bure kama hiyo. Nikaving'oa vyote, nikavichanganya kama karata, nikafumba macho ili nisimpendelee yeyote, na nikavisimika upya.

Usiku huo nililala usingizi wa mtu mwema.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya wageni, na mgeni wangu alikuwa mama mdogo.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, na ndiye aliyenilea. Ana sauti inayofika kabla yake. Amekodi robo eka ya shamba bondeni, chini ya barabara ya shule, na anapanda kabichi. Msimu uliopita alipanda Mapema, akasikiliza majirani, akamimina mbolea ya kukuzia bila samadi hata kiganja. Kabichi zikawa kubwa hadi watu wakaja kuzitazama. Siku mbili kabla ya lori la mnunuzi ikanyesha mvua moja tu, na asubuhi shamba zima lilikuwa limepasuka, vichwa vimeachama kama watu wanaocheka. Dereva wa lori hakuzima hata injini. Mbuzi wa jirani ndio waliokula faida. Mama mdogo aliwasimulia watu kisa hicho kwa mizaha hadi wakashika mbavu, lakini mimi nilikuwa nyumbani siku ile, na nilimwona ameketi juu ya kreti lililopinduliwa tangu asubuhi hadi jua linazama.

"Mwalimu wako ametualika wakulima wote Jumamosi," aliniambia, tukiwa tumeketi kwenye benchi la bwenini. "Nasikia wewe ndiye unayezitunza hizo kabichi za majaribio."

"Kwa namna fulani, mama mdogo."

"Namna gani? Unazitunza au unazitazama?"

"Nazitunza."

"Haya. Sasa nisikilize, maana mwenzio nimefika ukutani. Nataka kujua kitu kimoja tu: kosa lilikuwa la mbegu au la mbolea? Kama ni mbegu, nabadili mbegu. Kama ni mbolea, nabadili mbolea. Msimu huu napanda mara moja. Nikikosea tena, mwenye shamba analichukua, na mimi narudi kushona vifungo vya mashati ya watu." Akanipiga begani. "Kile kibao kitakachoshinda Jumamosi, ndicho nitakachopanda. Umependeza kweli, mwanangu. Umekuwa mtu wa maana."

Sijawahi kusifiwa nikaumia kiasi kile.

Alipoondoka nilifikiria kukiri kwa Mizani. Nilifikiria kwa muda wa kama sekunde tatu. Kisha nikaenda kumtafuta Kamusi, aliyekuwa akipiga pasi soksi.

"Umevichanganya vyote vinane?" aliuliza.

"Vyote."

"Na hukumbuki vilivyokuwa?"

"Nilifumba macho. Nilitaka haki itendeke."

Kamusi aliiweka pasi chini taratibu, kama mtu anayeweka chini bunduki ili asije akaitumia. "Basi itabidi tuziulize kabichi zenyewe," alisema.

Ndivyo ilivyotokea kwamba mimi, niliyemwagilia matuta yale wiki nyingi bila kuyatazama, nilianza kuyatazama. Kila mapumziko ya mchana Kamusi alisimama na kitabu cha kilimo, nami nikachuchumaa na kupekua majani. Nakiri kwa huzuni kwamba ilianza kunivutia.

Matuta mawili yalijitambulisha yenyewe. Majani yao yalikuwa ya manjano, vichwa vidogo kama ngumi za mtoto mchanga. Hao ndio walioshinda njaa. Mengine mawili yalikuwa na majani ya kijani iliyokaribia weusi, mapana, laini, yamejaa vidukari kama karamu. Vichwa vilikuwa vikubwa, lakini ukivibonyeza vinabonyea kama mto wa kulalia. "Kukuzia tupu," alisema Kamusi. "Sifa nyingi, ndani hewa." Na katika hayo mawili, moja lilikuwa limeanza kupasuka na jingine bado. La kupasuka tukaliita Mapema.

Matuta ya samadi yalikuwa ya wastani, hayana haraka ya maisha. Moja lilikuwa limefunga vichwa na jingine ndiyo kwanza linakunja majani, kwa hiyo tukajua nani ni nani. Yale yaliyolala njaa yalifanana, lakini tukabahatisha bila majuto, maana hakuna mkulima ambaye angekuja Jumamosi kuuliza namna ya kuvuna ngumi.

Yakabaki matuta mawili ya nusu kwa nusu, la nne na la nane kuhesabu kutoka kwenye bomba. Na hapa kabichi zilikataa kuzungumza. Yote mawili yalikuwa mazuri. Yote yalikuwa yamefunga. Vichwa vilikuwa vizito, vimebana, ukivigonga vinajibu kama mlango. Tuliyapekua siku tatu. Kitabu kilisema tofauti ya mbegu zile ingeonekana ndani ya kichwa, kwa urefu wa moyo wake, kile kishina cha katikati, kirefu kwa Mapema na kifupi kwa Ngao, lakini Mizani alihesabu vichwa kila asubuhi kwa sauti, kama mchungaji, na hatukuthubutu kukata hata kimoja.

"Bahatisha," nilisema Ijumaa.

"Hayo ndiyo matuta ambayo mama yako mdogo atayatazama," alisema Kamusi.

"Ndiyo maana nasema bahatisha vizuri."

Tukasimika kibao cha Mapema la nne na cha Ngao la nane. Jioni ile ikanyesha.

Jumamosi asubuhi wakulima kumi na tano waliketi kwenye madawati yaliyotolewa darasani. Mizani alikuwa amevaa tai. Mizani ile ndogo ilikuwa imepewa likizo, na mahali pake palisimama kubwa ya kuning'inia kwenye vigogo vitatu, yenye uso mpana kama saa ya kituoni. Mama mdogo alikaa mstari wa mbele, kalamu mkononi, na kwa kuwa alikuwa amesahau karatasi, kiganja cha kushoto kilikuwa tayari.

Mimi nilikuwa mbebaji. Nilivuna, nikabeba, nikaning'iniza, na Mizani akasoma kilo kama anayetangaza matokeo ya uchaguzi. Wenye njaa walichekwa. Wa kukuzia tupu walishangiliwa kwa ukubwa, kisha Mizani akakata kimoja katikati kwa kisu, ndani kukaonekana nafasi za kupitisha kidole, na shangwe zikaisha. "Hiki," alisema, "kikikaa siku tatu kwenye gunia, mtakinusa kabla ya kukiona." Wa samadi walipewa heshima ya watu wazima.

Tukafika nusu kwa nusu. Tuta la nane lilionekana litaishinda shule nzima kwa uzito. Lakini nilipoinama kulivuna, nilirudisha mkono. Vichwa vitatu vilikuwa vimepasuka. Mvua ya jana. Nikakimbilia la nne: vyote vizima, vimebana, vinang'aa maji. Kibao cha la nne kilisema Mapema, kwa mwandiko mwekundu wa Mizani na kwa bahati mbaya yangu.

Mama mdogo alikuwa ameinuka. Akatembea hadi tuta la nne, akagonga kichwa kimoja, akagonga cha pili, akasoma kibao, akageuka na uso umemchangamka kama wa msichana.

"Kumbe mbegu haikuwa na kosa!" alisema. "Mwalimu, miezi yote naitukana Mapema bure. Hiyo Ngao ya kule mwisho ndiyo iliyopasuka. Basi ni mbolea yangu tu. Napanda Mapema tena, naipa nusu kwa nusu, nimemaliza." Akafungua kiganja, akaweka kalamu.

Wakulima wengine nao wakaanza kuandika. Niliona robo eka nzima imeachama, inacheka. Niliona kreti lililopinduliwa.

"Mama mdogo," nilisema, "usiandike."

"Nini tena?"

"Vibao ni vya uongo. Nilivichanganya mimi."

Kalamu zote zikasimama. Mizani alinitazama, na nadhani alikuwa akitafuta ndoano ya kunining'inizia.

"Vingapi?" aliuliza.

"Vyote vinane, mwalimu. Baadaye tukajaribu kuvirudisha kwa kusoma majani. Vingine tuna hakika navyo. Haya mawili tulibahatisha, na nadhani tumebahatisha vibaya."

"Unadhani," alisema Mizani. "Kudhani hakuna uzito. Hakupandwi." Kisha, kwa mshangao wangu, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu mwenye ufunguo wa akiba. "Mabibi na mabwana, msiwe na wasiwasi. Mimi nimefundisha miaka ishirini na mbili, nawajua watoto. Ramani ya majaribio ya mwaka jana ililiwa na panya ofisini. Vibao vinahamishwa na watundu. Kwa hiyo mwaka huu, kwenye kona ya kila tuta la Ngao, nilipanda kitu ambacho panya hawali na mtoto hawezi kukishuku. Nilipanda kitunguu."

Akatembea kwa madaha hadi tuta la kwanza. Akainama kwenye kona. Akaenda la pili. Akaenda la tatu, mwendo umepungua madaha. Alipofika la nane alikuwa amepiga magoti, anapekua udongo kwa vidole, tai imeingia matopeni.

"Panya hawali," alisema Kamusi polepole, kutoka nyuma ya madawati, akinitazama mimi.

Nilimeza mate, na nikapata ladha ya kitunguu ambacho nilikila wiki saba nyuma.

"Vitunguu vyangu viko wapi?" Mizani aliuliza bila kuinuka.

"Mwalimu," nilisema kwa unyenyekevu wote niliokuwa nao, "uliniambia ning'oe kila kisicho kabichi."

Mkulima mmoja mwenye kofia ya majani alianza kukohoa, kisha ikaonekana si kikohozi. Benchi zima likafuata. Mizani hakucheka. Midomo yake ilikuwa inarudia maneno yake mwenyewe kimyakimya, neno kwa neno, akitafuta kosa langu ndani yake asilione.

Mama mdogo naye hakucheka. Alinijia, akanishika sikio, kalamu bado mkononi.

"Ulivila?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Vyote vinne?"

"Na chumvi."

"Wewe ukila kitu hukisahau. Hadi leo unanikumbusha yai la siku ya kipaimara cha dada yako. Sasa tembea. Nionyeshe ulikong'oa kila kimoja."

Nikaanza kutembea nikiwa nimeshikwa sikio. Na kweli, nilikumbuka. Tarehe za historia hunitoka mtihani ukiisha, lakini vile vitunguu nilikuwa navyo vyote kichwani. "Cha kwanza hapa, tuta la kwanza, nilikiosha hapa hapa bombani. Cha pili hapa, la nne. Kilikuwa kikali, nilitoa machozi, mpishi akapita akaniuliza kama nimefiwa. Cha tatu la sita, kilikuwa kidogo sana hata sikufurahi. Cha nne la saba, nilikila nimejificha kiranja asinione."

"La nane?"

"La nane halikuwa na kitu. Nililipekua mara mbili."

Mizani aliinuka. Akapangusa magoti. "Subiri," alisema. Akahesabu kwa vidole vyenye matope. "La kwanza ni samadi. La nne ni nusu kwa nusu. La sita lilinyimwa, ndiyo maana hata kitunguu chake kilidumaa. La saba ni kukuzia." Akanigeukia. "Jozi nne, na katika kila jozi amekula kimoja, hakuzidisha wala hakupunguza. Mtu hawezi kubuni hivyo. Huyu hajui kitu, lakini hakosei."

Hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi niliyowahi kupewa shuleni.

Aling'oa vibao vya la nne na la nane, akavibadilisha kwa mkono wake. Kwa uhakika zaidi akakata kichwa kimoja cha kila tuta na kuvilaza mezani. Cha la nane kilikuwa na moyo mrefu uliokaribia kutokeza juu. Cha la nne moyo wake ulikuwa mfupi, na majani yamekazana kama kurasa za kitabu kipya.

Mama mdogo alitemea mate kiganjani, akafuta kwa upindo wa gauni, akaandika upya, kwa herufi kubwa. "Sasa niambie, Mwalimu, bila mafumbo. Kosa lilikuwa la nani?"

"La wote wawili, mama. Umepanda mbegu yenye haraka, halafu ukaishibisha kwa haraka. Ndani kukakua, ngozi haikuwahi. Hata ukiilisha vizuri, umeona mwenyewe, mvua ikija inapasuka, ila kidogo. Mapema si mbaya. Inamfaa anayevuna leo na kupika leo. Wewe unayesubiri lori, panda Ngao."

"Na samadi niitoe wapi? Gunia ngapi? Nani atanibebea?"

Wote wawili walinigeukia kwa wakati mmoja. Nakiri sikuupenda ule umoja.

Likizo nzima nilibeba samadi. Nilibeba hadi kuku wa jirani wakawa wananifuata. Nilichimba mashimo, nikaweka viganja viwili kila shimo, nikapanda Ngao, na wiki ya nne nikaizungushia mbolea ya kukuzia kidogo, kwa kifuniko cha chupa, mama mdogo akisimama nyuma yangu kama polisi. Nilirudi shuleni, nikaomba ruhusa ya siku mbili wakati wa mavuno, na Mizani, jambo la ajabu, akanipa. Alinipa na mizani yake ndogo pia, niipeleke na niirudishe.

Mvua ilinyesha alasiri ya siku ya kabla ya lori. Ilinyesha kwa kukusudia. Mama mdogo aliketi mlangoni akaitazama bila kusema mzaha hata mmoja. Ilipokatika tu tulishuka bondeni, yeye upande huu wa mstari na mimi upande ule, tukikanyaga matope, tukigonga kichwa kimoja kimoja. Tulifika mwisho wa shamba. Kulikuwa na vichwa viwili vilivyopasuka.

"Viwili tu?" alisema. Akarudi mwanzo, akapita tena mistari yote peke yake. Aliporudi alikuwa anaimba. Asubuhi dereva wa lori alizima injini.

Msimu huu amepanda tena, na safari hii kwenye kona za mistari ameweka vitunguu kumi na viwili, kwa kumbukumbu, anasema. Siku ya kwanza ya likizo alinipa jembe.

"Ng'oa kila kisicho kabichi," alisema. Akatafakari. "Na kisicho kitunguu."

Nimeitii amri hiyo. Jana vitunguu vilikuwa kumi na viwili. Leo asubuhi kavihesabu, akapata kumi na kimoja, na sasa hivi namsikia akija huku na sauti yake imeshatangulia. Napenda ieleweke kwamba mimi nashuku panya.